Mstari Usio na Maelezo

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
9 Machi 2024

Kwako Kaka Anselmi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya ndugu ianze na afya za watu, basi naanza na miguu ya Mama: imepungua kuvimba tangu tumnunulie stuli ya kukalia mbele ya mashine ya fotokopi. Baba bado yuko Rombo anamwuguza Bibi. Alitutumia mkungu wa ndizi kwa basi, ukafika nusu mbichi nusu uji. Hyasinta, jirani yetu wa duka la vitenge, amepata mjukuu, na kila mteja wake lazima aone picha kabla ya kuambiwa bei. Mimi sasa niko kidato cha nne. Nyumba ina nafasi kubwa tangu uende unovisini kuanza malezi ya utawa, na sisemi hivyo kwa furaha.

Sasa jambo lenyewe, na naomba ulisome polepole.

Alhamisi ya tarehe 22 Februari, Mwalimu Ansbert, anayetufundisha hisabati, alileta dukani mtihani wa majaribio wa shule yetu na shule nyingine nne. Unajua kwa nini walimu huja steshenari yetu: hesabu zikipangwa kwa ile programu uliyotufundisha, sehemu na vipeo hukaa mahali pake. Mwalimu aliketi kando ya Mama kwenye kompyuta ya nyuma, kama wanavyoketi wote wenye nyaraka za siri. Katikati ya kazi akalikataa swali la saba, akaandika jingine. Walipomaliza, Mama alifuta kila kitu mbele ya macho yake, akamwaga na pipa la taka la kompyuta, akamwuliza kama anavyowauliza wote, "Umeona?" Mwalimu akajibu, "Nimeona."

Jumatatu, asubuhi ya mtihani, karatasi zilikamatwa vyooni shuleni. Zilikuwa na swali la saba la zamani; mtihani tuliufanya hivyohivyo. Swali hilo alilitunga palepale dukani kwetu, likaishi nusu saa tu, halikuwahi kufika shuleni. Kwa hiyo mtihani ulitoka kwetu.

Siku ile ya Alhamisi wakati wa kazi aliyepita pale nyuma alikuwa Amira, ambaye kwa miaka mitatu amepokea wateja wetu kaunta. Aliwapelekea chai, na simu ilikuwa mkononi. Mwalimu alipokuja kulalamika, Mama alimwita Amira mbele ya wateja.

"Mama Anselmi, mimi chai tu ndiyo iliyonipeleka kule," Amira alisema.

"Chai ina mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na nini?"

Hyasinta akadakia kutoka mlangoni kwake, "Severa, miaka mitatu umemlisha, kumbe ulikuwa unanenepesha mchwa ndani ya boriti!"

Amira aliweka funguo kaunta akaondoka. Sasa yuko Magomeni kwa kaka yake Awadhi. Ameomba kazi steshenari tatu za mitaa hii, na zote tatu zilikuwa zimekwisha kusikia. Awadhi ana chumba kimoja na mke. Amesema Amira asipopata kazi hadi mwisho wa Juni, atamrudisha Lindi, naye atafika kule na jina la wizi.

Kaka, karatasi niliyoiona mkononi mwa makamu mkuu wa shule haikuwa picha ya simu. Ilikuwa safi, pembe zake nne zimenyooka, kama iliyotoka kwenye printa yetu. Na kuna jambo jingine. Kila ninapomaliza kupanga waraka, kompyuta ya nyuma husita kidogo, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake kabla ya kukujibu, ndipo inaandika kwamba iko tayari. Wewe ndiye uliyeitengeneza. Katika kusita huko inafanya nini?

Nakuachia hapo, nikisubiri jibu.

Mdogo wako,
Jovitha


Unovisini, Ruvuma
2 Aprili 2024

Mpendwa Jovitha,

Milele, amina. Marahaba. Heri ya Pasaka. Nimefurahi kusikia habari za miguu ya Mama. Mwambie aikande kwa maji moto ya chumvi. Bibi namwombea kila asubuhi. Hyasinta mpe hongera, ila usimwambie kwamba nimecheka.

Hapa mvua ni nyingi. Tumepanda nyanya nyuma ya karakana, safu arobaini, na mimi nimepewa safu sita ambazo ndizo mbaya kuliko zote. Mchana napanga kitabu cha nyimbo katika chumba cha uchapaji. Wana kompyuta nzuri kuliko yetu, lakini kiti ni cha mbao. Simu, kama unavyojua, haturuhusiwi. Barua zetu hutoka na kuingia zikiwa wazi, kwa kuwa Padre Ignasi, mlezi wetu, huzisoma. Si kwa ubaya. Ni sehemu ya malezi.

Tarehe 15 Agosti, Mungu akipenda, nitaweka nadhiri zangu za kwanza. Mama ameanza kushona? Asijisumbue na kitu cha gharama.

Kompyuta ile ni ya zamani, usishangae ikisita. Usibadili kitu chochote ndani yake hadi mimi niseme. Amira nimemkumbuka katika sala. Wewe shika hisabati, fanya maswali kumi kila siku.

Kaka yako anayekupenda,
Anselmi


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
20 Aprili 2024

Kwako Kaka Anselmi,

Shikamoo. Hapa nako kumenyesha. Maji yaliingia dukani hadi kwenye kifundo cha mguu, tukapandisha marobota ya karatasi juu ya kaunta. Baba amepiga simu, Bibi anakula uji mwenyewe sasa. Mama ameshashona. Ni kitenge cha bluu na ni cha gharama.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nyanya umeziandikia zaidi ya Amira. Umeniambia kompyuta ni ya zamani, halafu ukaniambia nisiiguse. Kama ni uzee tu, kuna ubaya gani mtu akiuangalia?

Nimeuangalia. Mwalimu wetu wa kompyuta alinieleza kwamba programu kama ile, kabla ya kuanza kazi, hutafuta kwanza faili la mipangilio binafsi la mtu aliyeingia, na kulitii. Jina la faili huanza na nukta, kwa hiyo halionekani kwenye orodha mpaka uiamuru kompyuta ionyeshe yaliyofichwa. Na sisi sote dukani huingia kwa jina lako. Kwa jina la Mama herufi hutoka nyembamba na pambizo zinakuwa pana, kwa hiyo hakuna anayelitumia. Nikaamuru, nikaliona.

Lina mistari kumi na miwili. Kaka, nilijisikia kama nimekukuta umeketi pale. Kando ya kila mstari umeandika maelezo kwa Kiswahili. Kwenye ukubwa wa karatasi umeandika, "A4. Kariakoo hawajui nyingine." Kwenye ule unaoiambia mashine irudie kupanga mara tatu umeandika, "Ili namba za kurasa zisigombane na yaliyomo." Kwenye ule wa kusafisha mafaili madogo madogo: "Mama hapendi uchafu." Nilicheka peke yangu.

Mstari wa kumi na moja hauna maelezo. Hata neno moja. Unasema kazi ikikamilika, nakili, kisha unafuata njia ndefu ya kuelekea mahali nisipopajua, pamoja na tarehe na saa.

Mtu anayeeleza A4 hawezi kusahau kueleza mstari huo. Aliuacha mtupu kwa kukusudia.

Unanakili nini, Kaka, na unakipeleka wapi? Amira nilimwona Jumapili pale Mnazi Mmoja akipita. Alinisalimia, "Mambo, Jovi?" kama zamani, nikashindwa kusema poa.

Jibu kabla Mei haijaisha.

Jovitha


Unovisini, Ruvuma
14 Mei 2024

Jovitha,

Marahaba. Tuko wazima. Nyanya zimeiva.

Nani alikutuma kufungua faili lile? Nilikuambia usiguse. Nataka kujua ulilifungua lini kwa mara ya kwanza, baada ya mtihani au kabla. Na mtihani ule mwenyewe ulipata ngapi? Hukuniambia, nawe kila mtihani huniambia. Pale dukani hakuna mwingine anayesoma kidato cha nne ila wewe.

Sisemi kitu. Nauliza tu.

Kompyuta ya mbele siku hizi anaketi nani? Usimwonyeshe Mama lolote hadi nikuandikie tena.

Anselmi


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
26 Mei 2024

Kwako Kaka Anselmi,

Shikamoo. Bibi anaendelea vizuri. Miguu ya Mama imevimba tena. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Nilipata hamsini na nane. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu. Kama niliuiba mtihani, basi niliiba lile swali la saba peke yake, na lilikuwa limeshabadilishwa. Faili nililifungua tarehe 15 Aprili, baada ya barua yako, kwa sababu ya barua yako. Nimelia kidogo kwa hayo maswali, lakini nimeyajibu, kwa kuwa nataka na wewe unijibu.

Umeniuliza nani anaketi kompyuta ya mbele. Nilijiuliza kwa nini mtu aliye mbali hivyo aitaje kompyuta ya mbele, wakati mimi nilikuwa nimemwandikia habari za ile ya nyuma tu. Nikaenda kuitazama. Unajua anayeketi pale: yeyote. Mteja mwenye flashi yake hujifungulia mwenyewe, huchagua, huchapa. Wanafunzi ndio wengi. Kuna folda pale inaitwa "Fonti za zamani". Nani angefungua folda yenye jina hilo? Nimeifungua. Ndani mna nyaraka elfu moja mia moja na arobaini. Wosia wa watu. Barua za kuacha kazi. Vyeti. Kila kitu ambacho Mama aliwafutia watu mbele ya macho yao. Mtihani wa Mwalimu Ansbert uko mara tano, kila mmoja na saa yake, na ule wa saa nane na dakika kumi una swali la saba la zamani.

Nani aliyeuchukua hatutamjua kamwe. Lakini hakuhitaji simu ya Amira. Alihitaji kuketi tu.

Nimemwonyesha Mama. Nisamehe kwa kutokukutii, ila sidhani nimekosea. Nilimwambia akae kando yangu kama mteja. Nikapanga ukurasa mmoja wa matangazo ya jumuiya, nikaufuta, nikamwaga taka, nikamwuliza, "Umeona?"

"Nimeona nini? Acha utoto, Jovitha."

"Sema tu, Mama. Umeona?"

"Haya, nimeona."

Nikamshika mkono hadi kompyuta ya mbele, nikaufungua ukurasa uleule. Aliusoma wote. Kisha akakaa kwenye stuli ya fotokopi.

"Watu wote hao nimewaapia," alisema. Baadaye akauliza, "Ni Anselmi?"

Nilimfungulia faili lako, nikamwonyesha mstari wa kumi na moja. Akasema, "Futa huo mstari. Na hiyo folda. Halafu funga mdomo mpaka Agosti kumi na tano ipite."

"Na Amira, Mama?"

"Amira ni kijana, atapata kazi. Nadhiri za mtoto wangu nitazishona tena wapi zikichanika?"

Kaka, sikuufuta mstari. Nimeulaza. Nimetia alama mbele yake ili mashine iuruke bila kuutii, lakini mtu akitaka kuusoma bado upo. Folda nimeitoa kompyuta ya mbele, nimeiweka kwenye flashi ndani ya bahasha niliyoifunga kwa gundi. Mama anajua. Hanisemeshi vizuri.

Sidai utoke unovisini. Nadai neno lako. Nitalisubiri hadi Jumamosi ya tarehe 22 Juni. Siku hiyo likiwa halijafika, nitakwenda Magomeni mwenyewe.

Jovitha


Unovisini, Ruvuma
10 Juni 2024

Mdogo wangu Jovitha,

Marahaba, na wewe upokee yangu, maana leo mimi ndiye ninayestahili kusalimu kwanza. Pole kwa miguu ya Mama. Pole kwa barua yangu ya Mei. Nilikushuku kwa sababu kukushuku wewe kulikuwa rahisi kuliko kujishuku mimi. Hamsini na nane si aibu. Aibu ni mtu mzima kumfanya mdogo wake alie kwa ajili ya siri yake.

Nilijua siku ileile barua yako ya Machi ilipofika. Niliisoma nikiwa kwenye safu zangu za nyanya, na nilipofika pale pa kompyuta kusita, nililijua jibu zima hadi jina la folda.

Ilianza hivi. Mzee mmoja wa Upanga alikuja na historia ya maisha ya mkewe, aiweke kwenye kijitabu cha mazishi. Aliiandika mwenyewe kwa siku mbili. Alikuwa na hofu mambo ya nyumba yake yasibaki kwetu, Mama akamfutia akiona. Jioni hiyo akaipoteza flashi. Kesho yake asubuhi alirudi, na mazishi ni mchana. Akakaa mbele ya kompyuta, hakukumbuka hata sentensi ya kwanza. Kijitabu kilitoka na picha na nyimbo tu.

Baada ya hapo niliuongeza mstari wa kumi na moja. Diski ya kompyuta ya nyuma ilikuwa imejaa, kwa hiyo nikazipeleka nakala kwenye ile ya mbele, nikaipa folda jina la kuchosha. Niliona nimefanya wema. Wateja waliopoteza kazi zao walirudi, nami niliwaambia, "Ngoja nijaribu," nikazama nyuma dakika kumi, nikatoka nazo. Walinibariki. Mama alijivuna mtaa mzima. Nilipenda kusifiwa, Jovitha. Na kila siku nilimsikia akiwauliza watu, "Umeona?" nami nilijua hawakuona kitu. Kuandika maelezo kando ya mstari ule kungekuwa kukiri, ndiyo maana niliuacha mtupu. Nilipoondoka ningeweza kuufuta. Sikuufuta. Nilisema moyoni kwamba wataufaidi.

Barua hii Padre Ignasi ameisoma kabla yako. Niliiweka mezani kwake mwenyewe, nikasimama. Alipomaliza alisema, "Agosti haipo tena, Bruda. Tutazungumza mwakani." Hakunifukuza. Amenirudisha mwanzo.

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili nyingine, moja ya Mwalimu Ansbert na moja ya Amira. Mpelekee Amira ya kwake kwa mkono wako. Basi la posta limesimama kwa sababu ya daraja lililobomoka, sijui hii itachukua siku ngapi. Naomba iwahi.

Kaka yako,
Anselmi


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
1 Julai 2024

Kwako Kaka Anselmi,

Shikamoo. Amira hajakwenda Lindi. Nakuambia hilo kwanza, hata kabla ya habari za Bibi, ambaye ni mzima na anauliza kwa nini huji Agosti na kanzu nyeupe. Baba amemwambia ni mwakani, naye amesema basi hafi mwaka huu.

Barua yako ilifika Alhamisi ya tarehe 27. Tarehe 22 mimi nilikuwa nimeshakwenda Magomeni. Naungama kwamba nilikwenda nikiamini umekataa. Nilipokuwa njiani nilikuchukia, na wakati huo barua yako ilikuwa imekwama kwenye daraja.

Awadhi alinisimamisha mlangoni. "Binti, umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

"Basi unasema ya nani?"

Nilimweleza Amira yote tukiwa tumeketi kwenye ndoo zilizopinduliwa, anachambua mchicha. Aliniamini, niliona. Lakini alisema, "Jovi, wewe ni mtoto wa nyumba ile. Ukinitetea watasema nimekulisha maneno. Nataka kusikia kutoka kwa aliyefanya." Nikarudi mikono mitupu.

Alhamisi Mama ndiye aliyetoa bahasha kwenye sanduku la posta. Alizisoma amesimama, karatasi zote tatu, mpaka mwisho. Alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe, akamfuata Hyasinta. "Chukua mtandio, twende Magomeni. Wewe ndiye uliyepiga kelele za mchwa, utanisindikiza."

"Mimi nilidakia tu, Severa!"

"Utadakia na hili."

Huko sikuwapo. Najua tu kwamba Amira alikataa kuombwa radhi chumbani kwa Awadhi. Alisema alifukuzwa kaunta, basi na hilo liwe kaunta.

Jumamosi alikuja. Mwalimu Ansbert alikuwapo na karatasi yake mkononi. Walikuwapo wateja, wachukuzi wawili waliosimama kupumzika, na wenye duka wa mlango wa pili na wa tatu. Mama tayari amebandika ukutani tangazo la kuwaambia watu nyaraka zao zilihifadhiwa bila wao kujua, na anawapigia simu mmoja mmoja kwa kufuata orodha ya ile flashi. Wengine wanamtukana. Yule mzee wa Upanga alisikia, akapiga mwenyewe kuuliza kama historia ya mkewe ya mwaka juzi imo, akakata simu akilia. Mteja wa mitihani hatuna tena.

Amira anafanya kazi kuanzia leo steshenari ya mtaa wa nyuma, mojawapo ya zile tatu. Mama alimwomba arudi kwetu. Alisema, "Hapana, Mama. Lakini nitakuja kukusalimu." Mama hakumbishia.

Siku hiyo ya Jumamosi Mama alifungua ile barua uliyomwandikia Amira, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti. Amira alisimama nyuma ya bega lake akifuatilia kwa macho. Mama alisoma kwamba ni mwingine aliyeweka mstari ule, kwamba Amira hakugusa kitu, kwamba aliyefanya anaomba radhi. Sauti yake ilikuwa kavu na ya haraka. Akakunja karatasi.

"Umeruka maneno," Amira alisema.

"Wapi?"

"Hapo mwanzo. Na kule mwisho."

Hata wachukuzi walisogea kusikiliza, Kaka, na unajua mtaa huu. Mama alimtazama Amira, akaitazama karatasi. Nilidhani ataiweka mfukoni. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, kile cha bluu, akaivaa tena. Akaanza upya, taratibu, kwa sauti iliyofika upande wa pili wa barabara:

"Mimi, Anselmi Tarsis, mtoto wa Severa mwenye duka hili, ndiye niliyefanya."

Jovitha